Shangazi, nina ofa tatu na Ijumaa ndio mwisho: Kajjansi, Nairobi au Juba?

Shangazi shikamoo,

Naandika nikiwa dukani, mvua imefukuza wateja, kwa hiyo nisamehe kama maneno yatarukaruka. Mimi ni rubani. Yani nilikuwa rubani, au bado ni rubani, hapo ndio sijui niseme vipi, maana leseni ninayo, medikali yangu, cheti cha afya, inaisha mwezi wa pili, ila ni miezi minane sijagusa ndege na kazi yangu ya sa hii ni kupimia watu misumari kwenye hadwea ya shemeji yangu hapa Abayita Ababiri, njia ya Entebbe. Ndege ikipita juu naangalia saa. Zote nazijua kwa saa zake. Vijana wa boda hapo nje wameshanizoea, ikipita wananiuliza "kapteni, hiyo inaenda wapi?" na mimi nawajibu, sijui hata kwa nini nawajibu.

Nina miaka 31, mtu wa Arua. Mzee wangu aliuza shamba alilokuwa analima tumbaku ili nisome. Nilianza Soroti, nikamalizia Afrika Kusini, nikarudi na leseni ya CPL, ile ya rubani wa biashara, pamoja na instrumenti, yani kuruka kwa vifaa bila kuona nje. Shule ilinipa saa 220 za kuruka, kati ya hizo 110 nilikuwa peke yangu. Nikapata kazi kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kiti cha kulia, yani cha rubani msaidizi, nikapiga saa 300. Alafu nikapata kampuni moja Afrika Magharibi, jina naliacha, jeti ndogo ya viti 50, rubani msaidizi, huko nikafanya saa 820. Jumla logibuku, daftari la saa zangu, inasema 1,340. Nilikuwa nimebakisha saa 160 tu nifike 1,500 niombe ATPL, leseni ya juu ya kuwa kapteni wa ndege kubwa. Shangazi, 160 tu! Ni miezi mitatu ya rosta nzuri.

Ndio mambo yakaharibika. Kwanza mshahara ukaanza kuchelewa, wiki mbili, mwezi, miezi miwili. Alafu ndege mbili zikapaki, injini zikapelekwa matengenezo na hazikurudi. Siku moja ikaja imeli, sisi marubani 14 tumepewa likizo bila malipo "mpaka hali itakapotengemaa." Hawajatufukuza. Hicho ndicho kinachoniua, hawajatufukuza, kila nikitaka kusahau kuna mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp anaandika "naskia tunaitwa mwezi ujao" na mimi usiku huo silali.

Sasa baada ya kutuma sivii kila mahali mpaka nikachoka, wiki hii zimeingia ofa tatu kwa mpigo.

Ya kwanza ni Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege hapa hapa njia ya Entebbe. Caravan tena. Wanapeleka watalii Kidepo, Kihihi, Kisoro, Pakuba, huko huko. Wanasema nitaanza kiti cha kulia "kwa muda" alafu nihamie kushoto niwe kapteni. Mshahara shilingi za Uganda milioni nne kwa mwezi na kitu kidogo juu kwa kila safari. Kwa kweli najisikia kama mtu aliyemaliza sekondari akaambiwa arudi praimari, nimetoka kwenye jeti jamani.

Ya pili Nairobi. Dash 8, ndege ya mapangaboi, rubani msaidizi, dola 2,600. Retingi, yani kibali cha kurusha hiyo ndege, wanalipa wao lakini kuna bondi ya miaka mitatu, dola 24,000, nikiondoka kabla nairudisha. Na itabidi nihangaikie leseni ya Kenya na kibali cha kazi.

Ya tatu Juba. Let 410, rubani msaidizi, dola 4,500 mkononi Shangazi, keshi, wiki sita kazini wiki mbili nyumbani. Chumba bure chakula bure. Nimepiga hesabu, kwa mwaka mmoja nalipa deni lote, namrudishia mzee hela ya shamba, naanza na msingi wa nyumba. Dola 4,500 hata huko kwenye jeti sikuwahi kuiona. Ajenti anasema nafasi ni mbili na waombaji ni wengi, anataka jibu Ijumaa pamoja na dola 1,800 ya visa na trening, ambayo nitakatwa au nitarudishiwa baadaye, hapo hakueleza vizuri.

Mke wangu ni nesi, ndiye analipa renti mwaka huu, hajawahi kunisimanga hata siku moja, na hiyo inauma kuliko kusimangwa. Yeye anasema nikae nyumbani nichukue Kajjansi. Shemeji anasema Juba, mwanaume haogopi. Mzee wangu Arua hana habari kwamba nimesimama, bado anawaambia watu wa msikitini kijana wangu yuko angani. Mtoto wetu wa miaka minne amechukua yale mabega yangu yenye mistari anavaa juu ya fulana akicheza.

Nichague ipi? Au nisubiri kuitwa?

Rubani wa Misumari, Barabara ya Entebbe

* * *

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole pia na hao vijana wa boda, hawana nia mbaya.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi. Unajua nilichokiona? Juba umeiandikia mistari mingi kuliko zote na karibu yote ni dola. Ndege yenyewe umeipa maneno mawili, "Let 410," basi. Hukusema imesajiliwa nchi gani, nani anaitengeneza, kapteni wako ni nani, bima iko wapi. Rubani aliyezoea kuizunguka ndege kabla ya kuruka, akigusa matairi na kuchungulia mafuta, ameandika kuhusu kazi nzima bila hata kuizunguka mara moja. Mimi siyo rubani, nilikaa ofisi ya opareshen Entebbe miaka 26, napanga rosta, napiga hesabu za mzigo na mafuta, napigiwa simu saa tisa usiku kwamba fulani anaumwa nitafute mwingine. Lakini marubani nimewaona wakija na nimewaona wakiondoka, na wanaoondoka vibaya mara nyingi ni wale waliopiga hesabu ya dola kabla ya hesabu nyingine.

Tuanze basi na hesabu nyingine, maana hata ile ya saa zako nadhani umeikosea.

Fungua logibuku kwenye kurasa za Caravan. Zile saa 300 ulikuwa kiti cha kulia. Caravan imepitishwa kurushwa na rubani mmoja, si ndio? Sasa kanuni za kimataifa za leseni, Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, zinasema ukiwa rubani msaidizi kwenye ndege ya namna hiyo, saa zako zinahesabiwa siyo zaidi ya nusu ukienda kuomba leseni ya juu, labda mamlaka ya nchi ikubali kwamba hiyo ndege ina vifaa vya marubani wawili na ilikuwa inaendeshwa kweli kwa utaratibu wa wawili. Kwa hiyo 300 yako inaweza kuwa 150. Weka 220 za shule, 150 za Caravan, 820 za jeti ambazo ni halali zote kwa sababu jeti ile lazima iwe na wawili. Unapata 1,190. Hujabakisha 160 mwanangu, huenda umebakisha 310.

Usikae chini ulie, sijamaliza. Hiyo 1,500 siyo peke yake. ATPL inataka pia saa za ukapteni, ama 250 ukiwa wewe ndiye mkubwa wa ndege, na kati ya hizo angalau 70 ziwe za kweli kabisa na zilizobaki zinaweza kuwa za ukapteni chini ya uangalizi, yani unaendesha kama kapteni huku kapteni mwenyewe anakuangalia, ama 500 zote za uangalizi. Wewe una zile 110 za shule ulizoruka peke yako. Kule kwenye jeti kuna kapteni aliyewahi kukusainia saa za uangalizi? Kama yupo hukumtaja, na najua watu wa kampuni zinazochelewesha mshahara hawanaga muda wa kusaini vitu kama hivyo. Kwa hiyo kuna shimo lingine la saa 140 na hilo nadhani hukuliona kabisa, ungefika 1,500 ukaenda dirishani kwa furaha ukarudishwa.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kujibu mtu yeyote, chukua logibuku nenda kwenye watu wa leseni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, waulize uso kwa uso saa zako wanazihesabu vipi na wakuandikie. Ni mwendo wa taksi moja kutoka hapo dukani.

Sasa rudi kwenye ofa ukiwa na namba mbili kichwani, 310 na 140, uone zinavyobadilika sura.

Hiyo Kajjansi unayoiita praimari. Ukikaa kiti cha kushoto cha Caravan, kila saa inaingia nzima na kila saa inaziba mashimo yote mawili kwa pamoja. Nairobi kwenye Dash 8 saa zinaingia nzima pia, ndege ya wawili ile, lakini shimo la ukapteni linabaki wazi mpaka apatikane kapteni mwenye roho nzuri na kampuni yenye utaratibu wa kukusainia. Juba ni hivo hivo, na huko sijui hata kama kuna mtu atakayekumbuka kalamu. Kwa hiyo ile inayolipa kidogo ndio pekee inayokupeleka unakotaka kwa njia fupi. Mimi jibu langu ni Kajjansi, nakwambia mapema ili usije ukasoma mpaka chini ukitafuta.

Lakini siyo Kajjansi ya "kwa muda." Hilo neno lifute. Kiti cha kulia cha Caravan ndicho kile kile kilichokuletea nusu, ukikaa hapo mwaka mzima unawasaidia wao tu. Na nikwambie siri moja ya ofisini, mara nyingi anayeamua nani akae kushoto siyo bosi na wala siyo rubani mkuu, ni bima. Karatasi ya bima inaandika rubani wa ndege hii awe na saa kadhaa jumla na saa kadhaa za aina hii ya ndege, na bosi hata akupende vipi hawezi kuivuka. Kwa hiyo kwenye interviu uliza bila aibu, bima yenu inataka saa ngapi za Caravan ndio niwe kapteni, na mimi na 300 zangu nimebakisha ngapi? Mtu mwenye nia na wewe atakujibu papo hapo kwa sababu hiyo namba anaijua kama jina la mtoto wake. Akianza kuzunguka, "tutaona, inategemea," ujue anatafuta mtu wa kubeba mizigo ya watalii mwenye mabega. Taka iandikwe, saa kadhaa kulia, alafu tesiti, alafu kushoto.

Alafu uliza milioni nne inalipwa mwezi gani. Watalii wanajaa kuanzia Juni mpaka Septemba na tena Desemba mpaka Februari, Aprili na Novemba mvua inanyesha na ndege zinalala. Kuna kampuni zinalipa mwezi mzima mvua au jua, na kuna zinazosema mshahara ni milioni nne kumbe milioni moja na nusu ni mshahara na iliyobaki ni ya safari. Zote mbili unaweza ukakubali, ila ujue umekubali ipi.

Na kuna hili ambalo mkeo hakulisema labda kwa sababu halijui, au analijua akanyamaza. Caravan ina injini moja, na viwanja vile unavijua wewe kuliko mimi, Kisoro iko zaidi ya futi 6,000, ndege inakula uwanja mrefu kuruka na milima imekuzunguka. Asubuhi Kihihi kuna ukungu. Nyuma yako amekaa mtu aliyelipa dola 800 ya kibali cha kuona sokwe kwa siku moja tu, na sokwe hawamsubiri, na mwongoza watalii wake anampigia simu meneja wako, na meneja anakupigia wewe. Kwenye jeti ulikuwa na kapteni pembeni anayesema "tunasubiri." Sasa anayesema "tunasubiri" ni wewe. Nimewahi kukaa kwenye redio namsikiliza kijana wa miaka 27 akiwaambia watalii sita kwamba leo hatuendi, sauti inamtetemeka kidogo, wakamfokea, na akakaa pale pale. Hiyo ndio saa ya ukapteni mwanangu, na haikuingia kwenye logibuku kwa sababu ndege haikuruka. Uliza marubani wao, siyo meneja, nenda ukakae kwenye kibanda cha chai Kajjansi uulize, mtu akikataa kuruka hapa kesho yake anaitwaje?

Nairobi siipigi vita, ni ofa nzuri. Nina rafiki yangu kapteni mstaafu, Jumapili tunakunywa chai pamoja Kitoro, nilimsomea barua yako bila kukutaja akaniambia nimekosea kabisa, kijana aende Nairobi, injini mbili na retingi mkononi, wakubwa wanaangalia saa za injini nyingi na Caravan wanaipita kama hawajaiona. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Ana hoja. Ndege za mapangaboi zinakula mafuta kidogo kuliko jeti kwenye safari fupi, kwa hiyo hata mambo yakiwa magumu zenyewe ndio za mwisho kupaki, na wewe umeshaona jeti ya viti 50 inavyopaki. Kama watu wa leseni watakwambia Jumatatu kwamba saa zako zote 300 ni nzima, na ukapata kapteni wako wa zamani akakusainia zile za uangalizi, basi rafiki yangu ameshinda na wewe panda basi.

Ila ile bondi isome kama unavyosoma hali ya hewa. Dola 24,000 inapungua kila mwezi unaofanya kazi au inabaki 24,000 mpaka siku ya mwisho? Ziko za aina zote mbili. Na kubwa zaidi, wao wakikusimamisha, wakikupa tena likizo bila malipo, bondi inakufa au inakusubiri? Wewe mwenyewe unajua mtu anaweza kuwa hajafukuzwa na hana kazi. Ukiwa na bondi isiyosema chochote hapo, utakuwa umefungwa kwenye mti ambao ng'ombe wake ameshauzwa. Taka mstari mmoja tu uongezwe, kampuni ikinisimamisha bila mshahara zaidi ya siku 60 deni limefutika. Leseni usiiogope sana, sheria za anga za nchi zetu hizi zimefanywa zifanane, na ile ofisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayosimamia usalama wa anga, CASSOA, iko hapa hapa Entebbe, ingawa kila nchi bado inatoa karatasi yake na kila karatasi ina foleni yake.

Haya, Juba.

Siwezi kukwambia Juba yote ni mbaya, kuna watu wanaruka huko miaka kumi na wamejenga, wengine kwenye kazi za misaada zenye ukaguzi mkali kuliko hata hapa. Lakini wale hawaajiri kupitia ajenti anayetaka dola 1,800 kabla ya Ijumaa. Mwenye ndege anayehitaji rubani anamlipia rubani tiketi, hamtozi. Na hiyo "utakatwa au utarudishiwa," umeiandika mwenyewe na ukaiona mwenyewe, mimi nakurudishia tu.

Na kwa kuwa ni Let 410 nikukumbushe. Septemba 2018 ndege ya aina hiyo hiyo ilitoka Juba kwenda Yirol ikaangukia ziwani, wakafa watu 20 kati ya 23. Ndege ile ina viti 19 vya abiria na viwili vya mbele. Hesabu mwenyewe wale wawili waliozidi walikaa wapi. Mimi nimefanya hesabu za mzigo miaka 26, ile namba 23 mpaka leo nikiiona mahali popote nashtuka. Shemeji yako akisema mwanaume haogopi, mwambie rubani ndio kazi yake kuogopa mapema, akiwa bado chini.

Kama moyo bado uko huko, muulize ajenti namba ya usajili wa ndege, jina la kampuni kwenye cheti cha uendeshaji, na nakala ya bima inayotaja marubani. Umwambie utalipa chochote ukishaviona. Nadhani hutahitaji kumkataa, atapotea mwenyewe.

Kuhusu kusubiri kuitwa. Usisubiri, na pia usijiuzulu, ni vitu viwili tofauti. Likizo bila malipo maana yake mkataba wako bado uko hai, na mkataba mwingine una kipengele kinachokukataza kurusha ndege ya mtu mwingine, hata wao wasipokulipa senti. Waandikie imeli fupi leo, bila hasira, uombe ruhusa ya maandishi kufanya kazi sehemu nyingine kwa muda wa likizo, na imeli hiyo hiyo itaje miezi unayodai mshahara na kiasi. Wasipojibu una ushahidi kwamba uliomba. Wakijibu kwamba uko huru, vizuri zaidi. Na lile grupu la WhatsApp lizime sauti, rafiki wa huko mwenye habari ya kweli atakupigia.

Usiku mmoja wa miaka ya nyuma kampuni niliyokuwa nafanyia ilifunga, asubuhi tukakuta kufuli, kwa hiyo silali nikidhani kuna kampuni ya milele. Angalia hapa kwetu tu. East African Airways ilikufa 1977. Uganda Airlines ya kwanza ilianzishwa 1976 ikafungwa 2001, jina likarudi angani 2019. Air Uganda ilisimama 2014 baada ya vyeti kuondolewa. Uwanja wa Entebbe wenyewe ulifungwa kwa abiria Machi 2020 mpaka Oktoba kwa ajili ya korona. Rubani wa umri wako atasimamishwa tena, labda mara mbili, ndio maana kila ofa nimeiuliza swali moja, siku hawa nao wakikwambia kaa nyumbani, utatoka mlangoni na nini? Ukitoka Kajjansi baada ya mwaka na kitu una saa za kuombea ATPL na jina la kapteni. Ukitoka Nairobi una retingi na labda deni. Ukitoka Juba una dola, kama walilipa.

Medikali usiiache ifike mwezi wa pili, ukiwa chini ya miaka 40 ni mara moja kwa mwaka, kaipime sasa ukiwa bado una nafasi kwa daktari. Na uangalie tarehe ya instrumenti pia, maana miezi minane ni mingi, na siku 90 bila kuruka na kutua mara tatu unajua mwenyewe huwezi kubeba abiria mpaka ufanyiwe mazoezi upya. Waulize Kajjansi hayo mazoezi analipa nani.

Mzee wako mpigie kabla hujasaini. Siyo baada. Mtu aliyelima tumbaku anajua msimu ulioharibika ni nini, yeye ameona mvua ikikosea mara ngapi? Mwambie ndege zilipaki, mwambie unauza misumari, alafu mwambie Kajjansi. Watu wa msikitini usiwajali, Kidepo nayo iko angani.

Mwachie mtoto yale mabega, ya kapteni yana mistari mingine.

Ukitoka kwa watu wa leseni Jumatatu niandikie wamehesabu ngapi, kuna mzee na chai yake Kitoro anasubiri kujua nani ameshinda.

Shangazi